Darsa: Yaliyo Chini ya Kitanda



Ndugu zangu, semesta ilipofungwa nilihama hosteli ya Kikoni kwenda chumba cha bei nafuu upande wa Makerere Kivulu. Nilidhani bodaboda mmoja angetosha. Mimi niliyeingia chuoni na sanduku moja, godoro na jerikeni, nilijikuta na mifuko sita, na chini ya kitanda bado hapajaisha. Mashati ya mitumba ya Owino peke yake yalikuwa 19, na saba kati yake sikuwahi kuyavaa. Bei rahisi ndiyo iliyonidanganya: shati la shilingi elfu tatu halikupi nafasi ya kujiuliza kama unalihitaji.

Nilikaa sakafuni nikakumbuka hadithi aliyoipokea Jabir bin Abdillah (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, ambapo Mtume (s.a.w.) alitaja tandiko la mwanamume, la mkewe na la tatu la mgeni, kisha la nne akalihusisha na shetani. Wanazuoni wameeleza kuwa makusudio ni kile kinachozidi haja na kuwekwa kwa fahari. Lakini angalia, mgeni amehesabiwa. Kwa hiyo sikutoa kikombe cha pili wala mkeka wa ziada. Wanaokushauri ubaki na kijiko kimoja hawajawahi kufikiwa na watu wa nyumbani wakati wa mahafali.

Nilianza na nguo, nikakosea. Fungu la kuanzia ni vitu vya watu. Chini ya kitanda kulikuwa na kitabu cha takwimu cha mwenzangu wa mwaka wa kwanza, pasi ya jirani, na bahasha yenye shilingi 42,000, salio la mchango wa futari nilioukusanya Ramadhani. Miezi minne! Sikuiba, nilisahau, lakini neno "nilisahau" lilikuwa zito kulitamka mbele ya amiri wetu. Suratun-Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Siku zote nilikuwa naisoma nikiwafikiria mawaziri.

Hapa tutofautishe. Kitu ambacho mwenyewe anajulikana, hata kama amehitimu na yuko Arua, si kiokotwa. Mpigie simu, arudishiwe au akuruhusu kukitumia. Kiokotwa ni kile usichomjua mwenyewe, nacho, kwa hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.), hutangazwa mwaka mzima. Kukaa nacho muda mrefu kimya kimya hakukifanyi kiwe chako.

Kisha fungu la kutoa. Suratul-Baqara aya ya 267 inatukataza kukusudia kibaya tukakitoa, kile ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Basi shati lililochanika kwapa nililikata tambara la kudekia. Yale saba nikayaweka kwenye mfuko wa sadaka. Mawili yalikuwa mazuri sana. Nikayarudisha sandukuni, nikayatoa tena, nikayarudisha. Nakiri, moja bado ninalo.

Karatasi zenye aya usizichanganye na taka. Uthman (r.a.) aliposambaza misahafu aliamuru maandiko mengine yachomwe, na kwa hoja hiyo wanazuoni wengi wameruhusu kuzichoma kwa heshima, wengine wamependelea kuzizika mahali safi. Kuhusu kavera na chupa, kumbuka Kiteezi, Agosti 2024, lundo la taka za Kampala lilipoporomokea nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Tunachokitupa huwa kinahamia kwa mtu mwingine.

Jioni nilimpelekea amiri ile bahasha. Alizihesabu pesa mbele yangu, akaandika daftarini, kisha akaniuliza taratibu kama hakuna bahasha nyingine. Nikamwambia anisubiri kidogo, nyuma ya kabati sijaangalia.