Kuchagua Kisu cha Mfukoni Chenye Vyombo Vingi

Mtu atakaye kununua kisu cha namna hii asihesabu kwanza vyombo vilivyomo. Na ahesabu kazi azifanyazo kila siku.

Aina zake kubwa ni mbili. Ya kwanza yatoka Uswisi, ambako Karl Elsener aliandikisha kisu chake cha maofisa mwaka 1897. Chombo chake kikuu ni kisu chenyewe. Ya pili ni ya Mmarekani Tim Leatherman. Mwaka 1975 alisafiri Ulaya kwa motokaa kuukuu iliyoharibika mara kwa mara, akaona kisu chake kimekosa koleo. Zana yake ilianza kuuzwa 1983. Basi mwenye kukaza nati na kukunja nyaya atafute koleo. Mwenye kumenya matunda na kukata kamba, koleo litamlemea mfuko bure.

Lakini neno kubwa ni vidole. Visu vingi vidogo vya Uswisi hushikwa wazi kwa springi tu, havina kufuli. Ukidunga navyo kitu kigumu, bapa laweza kujikunja likakukata. Kazi hiyo yataka kisu chenye kufuli. Dukani lifungue bapa, ulitikise, likicheza, kirudishe.

Hata chuma kiitwacho kisichoshika kutu hushika kutu kikikaa na chumvi. Kioshe, kikaushe, ukatie tone la mafuta penye maungio. Na asafiriye kwa ndege akitie katika mzigo wa chini, ama sivyo atanyang'anywa kiwanjani.