Kabla ya kuchukua paka: Matayarisho huanzia nyumbani

Shule zinapofungwa, watoto huomba paka, na mzazi hukubali upesi ikiwa panya wamezidi jikoni. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Paka anayetunzwa vyema huishi miaka 12 hadi 15, na wengine huzidi hapo. Mtoto aliye Gredi ya 4 leo atakuwa mtu mzima, na paka huyo bado atahitaji chakula na daktari.

Jijini Nairobi, shirika la KSPCA lina makao ya wanyama huko Karen. Paka wengi wanaofika katika makao ya aina hiyo wameshapoteza nyumba mara moja. Kumrudisha baada ya wiki mbili ni kumpotezea nyumba mara ya pili. Ndiyo maana familia inashauriwa kutimiza yafuatayo kabla ya kufika langoni.

1. Kikao cha familia

Wote wakubaliane ni nani atakayelisha, atakayesafisha choo na atakayelipa gharama za daktari. Watoto wanaweza kusaidia, lakini jukumu ni la mtu mzima. Mpangaji apate idhini ya mwenye nyumba mapema, ikiwezekana kwa maandishi. Mwenye pumu au mzio akae kwanza karibu na paka katika makao, aone hali yake.

2. Nyumba na vifaa

Vinavyohitajika ni kikapu chenye kifuniko na matundu ya hewa cha kumbebea, bakuli la chakula na la maji, beseni la choo lenye mchanga, na mahali pa kulala. Mti uliozungushiwa kamba ya mkonge humpa mahali pa kukwarua kucha, na viti vya sebuleni vikapona. Wanaoishi ghorofani waweke wavu madirishani.

Sumu ya panya iondolewe kabisa. Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Dawa za binadamu zifungiwe kabatini. Hata kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka. Vitunguu, vitunguu saumu na chokoleti pia ni sumu kwake.

3. Chakula

Paka ni mla nyama. Ugali na maziwa havimtoshi, na paka wazima wengi huharishwa na maziwa ya ng'ombe. Chakula cha paka cha dukani humpa virutubishi anavyohitaji. Nyama, mayai yaliyopikwa na omena zilizochemshwa bila chumvi vinaweza kuongezwa. Maji safi yawepo wakati wote.

Wapo wanaoamini kuwa paka akinyimwa chakula ndipo atakamata panya. Si kweli. Aliyeshiba pia huwinda, kwa sababu kuwinda ni silika yake. Anayelala njaa huenda kutafuta chakula kwa jirani, na huenda asirudi.

4. Afya

Familia iulize kuhusu chanjo alizopata na kama amehasiwa. Kichaa cha mbwa hushika paka pia. Chanjo yake hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, na hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, na huzaa baada ya takriban wiki 9.

Choo kisafishwe kila siku, na mama mjamzito aachie mtu mwingine kazi hiyo, kwa kuwa kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vinavyodhuru mimba. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana kuwa na chanjo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.

5. Siku za kwanza

Paka akae kwanza katika chumba kimoja chenye chakula, maji na choo. Akijificha chini ya kitanda, asivutwe, atatoka mwenyewe. Asiachiliwe nje kwa wiki 2 au 3 hadi aijue nyumba.

Sheria inasemaje?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamfanya mwenye mnyama kuwa na hatia akimnyima chakula au akimtelekeza hadi ateseke.

Familia iliyokamilisha matayarisho haya inaweza kwenda kuchagua paka wake. Iliyopungukiwa isubiri hadi iwe tayari. Maswali zaidi yapelekwe kwa afisa wa mifugo aliye karibu.