Fukusi wa Migomba Haruki, Ni Sisi Tunaombeba



Mama mmoja wa Shika Adabu aliniita shambani kwake. Upepo wa kusi ulikuwa umeangusha migomba mitatu usiku mmoja, miwili ina mikungu michanga. Akaniuliza, "Dada, hii ni kazi ya jirani?" Walikuwa hawasemezani tena.

Tukachukua panga tukapasua tunguu la mgomba. Kumbe ndani ni mashimo matupu, na funza weupe wamejaa! Mimi nikanyamaza kidogo, maana ile miche niliileta mimi mwenyewe, ya bure, bila kuikagua.

Tumjue adui

Fukusi wa migomba ni mdudu mweusi mwenye pua ndefu, urefu wake kama sentimita moja au zaidi kidogo. Ukimshika hujifanya amekufa. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, kulikotoka na ndizi zenyewe. Mabawa anayo, lakini kuruka ni nadra sana. Hutembea kwa miguu, tena usiku. Jike hutaga mayai chini ya shina, funza wakatoboa tunguu, mizizi ikakosa nguvu. Upepo unamalizia tu.

Basi, mdudu asiyeruka alifikaje Afrika, na alifikaje Likoni? Alibebwa ndani ya miche.

Tufanye nini?

1. Chukua miche kwenye shina lenye afya. Ing'oe na uitumie upesi. Usiilaze shambani, fukusi huja kutaga usiku.
2. Hukohuko ulikoing'oa, menya tunguu kwa kisu mpaka liwe jeupe. Ukiona mashimo mengi, tupa mche huo.
3. Chovya tunguu katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, si zaidi. Panda mahali pasipokuwa na fukusi.
4. Ukishavuna, kata kipande cha mgomba cha sentimita 30, kipasue katikati, ukilaze kando ya shina, upande uliokatwa ukiangalia chini. Baada ya siku tatu kifunue, okota fukusi, uwaue. Rudia.
5. Magogo ya zamani yakatekate yakauke.

Fukusi huzaana polepole, kwa hiyo subira italipa. Yule mama na jirani yake sasa wanategea pamoja.

Maswali ya kujadiliana

- Miche yetu ya mwisho ilitoka wapi? Nani aliikagua?
- Ni hasara gani tumemsingizia jirani kabla ya kuchimba?