Gari Si Stoo, Mdogo Wangu

Haya wadogo zangu, sogeeni. Wiki hii nimeletewa kilio na mdogo wangu mmoja wa Tegeta, nami nimeona nimjibu hapa mbele yenu wote, maana najua yaliyomkuta yeye yamewakuta wengi, ila wengine mmenyamaza kwa aibu.

Kijana huyu ameajiriwa, na pembeni ana boti yake ndogo pale Kunduchi, kamwachia nahodha na vijana wanne. Jumamosi alishuka Kariakoo kununua nyavu, maboya na kamba, akapitia kwa fundi kuchukua mashine ya boti iliyokuwa matengenezoni. Badala ya kwenda nazo moja kwa moja, akakata kona Mwananyamala kwenye kikao cha harusi. Vikao vyetu mnavijua: kinaitwa cha saa kumi, watu wanafika saa kumi na mbili, pilau linatoka saa tatu usiku. Alipotoka akakuta kile kioo kidogo cha mlango wa nyuma kimevunjwa, chenga zimetapakaa kwenye siti, buti tupu. Redio ipo, miwani ya jua ipo. Nyavu na mashine vimekwenda.

“Dada, mbona nilifunga milango yote?” Ulifunga, mdogo wangu, nakuamini. Lakini mlango wa gari umewekwa kukuzuia wewe usidondoke barabarani, mwizi haumsumbui. Kioo kile ni cha kupasua na kuingiza mkono, basi. Na mwizi wa namna hii hafanani na wale Panya Road waliotutia hofu mwaka 2022, wanaokuja kundi na mapanga. Huyu ni mtulivu, kavaa vizuri, pengine kakusalimia. Hakukuona Mwananyamala. Amekuona kwa fundi, ukiwa umeinama na wenzako watatu mnapakia, mnahesabu “moja, mbili, twende!” Mtaa mzima umejua kuna kitu kizito na cha thamani kimeingia kwenye gari ndogo. Halafu ukakifunika kwa kanga ya mkeo, propela inachungulia kwa nyuma, harufu ya petroli inasikika hatua tano. Ulikuwa unamficha nani?

Sikusemi ili nikuumize. Roho yako imeshachubuka vya kutosha. Nakusema kwa sababu bado unafikiri umeibiwa wewe. Hebu kaa chini tuhesabu pamoja. Boti ikirudi na samaki, kwanza mnatoa mafuta, barafu na chambo, kinachobaki mnagawana: fungu la chombo, fungu la mashine na nyavu, fungu la nahodha, mafungu ya vijana. Mashine imeibwa, mafungu yote yamekufa. Wewe tarehe ya mshahara itafika. Yule kijana anayekaa mbele ya boti kuvuta kamba hana tarehe yoyote. Mke wake anapika kwa kile kilichouzwa asubuhi. Kwa hiyo ulipoiacha ile mashine nje ya ukumbi, uliacha na vyungu vya nyumba tano. Ndiyo maana nasema gari si stoo. Ukishapakia zana, safari ni moja: zinakotoka hadi zinakolala. Harusi itakusubiri. Wakikununia kwa kuchelewa, waache wanune.

Na ninyi wenye vyombo vya dagaa nawaonya zaidi. Mbalamwezi ikiiva, taa hazivuti dagaa, vyombo vinapaki, na siku hizo ndipo betri, taa na mashine zinapandishwa kutoka pwani kwenda kwa fundi au nyumbani. Mali yenu inakuwa barabarani kuliko baharini. Wewe unaona ni siku za kupumzika, unapitia hapa supu, pale kumwona shangazi, na mzigo uko nyuma. Mwizi naye anajua kalenda ya mwezi kama wewe unavyoijua.

Wengine mtaniambia, “Dada, kulikuwa na kijana anaangalia magari, nikampa buku.” Yule anayesema “paki hapa bosi, hakuna shida” kakusaidia kurudi nyuma usigonge mtaro. Hajasaini kulinda mashine ya mamilioni. Shughuli ikiisha na yeye kaondoka. Na ushuru wa maegesho unalipia nafasi, ulinzi haumo. Soma na lile bango ukutani, limeandikwa kwamba unaegesha kwa hasara yako mwenyewe. Bima nayo isikudanganye: hata ukiwa na bima kubwa, hiyo imekatiwa gari. Mzigo ulio ndani ni habari nyingine, na kama mkataba haukuutaja usitegemee. Mwenye zana za kazi azikatie bima yake, au angalau aulize kabla hajalia.

Sasa hebu niwaulize jambo. Dar es Salaam hii, mtu akinunua gari leo, kesho anawaita vijana wamchoree namba ya gari kwenye vioo vya pembeni, kwenye taa, kwenye kila kioo. Kwa nini? Tumeshafundishwa na wezi kwamba kioo chenye namba kinakuwa kigumu kuuza. Mbona hekima hiyo hamuipeleki kwenye mashine? Ina namba yake tayari, iko kwenye kibati pale kwenye kile chuma kinachong’ata tezi la boti. Ipige picha leo. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe uliyonunua, risiti ya EFD ibandike hapo hapo. Kisha chora jina la boti yako mahali pawili, moja pa wazi na moja pa kificho unapopajua wewe na nahodha tu. Nyavu nazo zina alama: rangi ya maboya, namna fundi wenu alivyofunga kamba ya juu, kiraka kile cha uzi wa bluu. Vijana wako wanaijua nyavu yao gizani. Wewe mwenye mali je? Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walisema hivyo kabla ya simu zenye kamera, na wewe unayo kamera mfukoni umejaza picha za chakula.

Kijana wa Tegeta hajaniambia kama alikwenda polisi. Nina hofu hakwenda. Nenda, mdogo wangu. Na ukifika kaunta sema umeibiwa, usiseme umepotelewa. Mtu aliyepotelewa hupewa karatasi ya kupotelewa na mambo yanaishia hapo. Aliyeibiwa hufunguliwa jalada, anapewa namba ya RB, na kuna askari wa kumuuliza. RB ni bure, usikubali kuambiwa vingine. Usifagie zile chenga kabla hawajaona gari. Peleka na picha ya ile namba. Ukitoka hapo pita kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha shuka pwani uwaone viongozi wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa fukwe, kwenu Kunduchi na kwa wenzao wa Mbweni, Ununio, Kawe na Msasani. Vuka na ng’ambo, Mjimwema hadi Kimbiji. Mashine ya boti haitumiki kusagia nafaka. Lazima itarudi majini mahali fulani, na watu wa pwani wanajuana vyombo kwa mlio tu.

Kuna anayeogopa kwenda polisi kwa sababu nyavu zenyewe alizoibiwa ni haramu, kokoro au macho yasiyoruhusiwa. Tangu ile Operesheni Jodari ya mwaka 2018 ya kusaka uvuvi haramu, watu wengi wanaishi roho juu. Mdogo wangu, hapo mwizi kakukuta umeshajifunga mikono mwenyewe. Siwezi kukusaidia kuipata nyavu ambayo huwezi kuitaja mbele ya askari. Unaponunua nyingine, nunua inayotajika.

Nisikilizeni vizuri hapa. Hasira. Ukitoka ukumbini ukakuta kioo kimepasuliwa, mtu wa kwanza utakayemwona ni mtoto anayeosha magari, ana ndoo na kitambaa. Ulimi utataka kutamka lile neno. Usilitamke! Ukipaza sauti “mwizi” pale Tandika au Manzese, huwezi kulirudisha. Watu watatokea na mawe na tairi, hakuna atakayeuliza ushahidi, na kesho utakuwa umepoteza mashine na una damu ya mtoto wa mwenzio. Nyavu inanunuliwa. Hata kama una hakika ni yeye, mshikeni, mpelekeni kituoni akiwa mzima.

Wa pili kukukuta ni rafiki mwenye huruma, atakwambia kuna mtaalamu anarudisha mali iliyoibiwa. Namba zao ziko kwenye kila nguzo ya umeme kuanzia Mbagala hadi Bunju, karibu na zile za dawa ya mapenzi. Utaambiwa mwizi atavimba tumbo, ataileta mwenyewe usiku wa manane. Kabla ya hapo utaambiwa lete kuku, lete laki, ongeza laki. Uchungu hukufanya uamini chochote, na sikucheki hata kidogo kwa hilo. Mtu aliyeumia hushika hata povu. Ila fedha uliyobakiwa nayo ndiyo nusu ya mashine nyingine. Usiimalizie kwenye ubani.

Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote. Atakupigia simu: “Nimesikia umepata shida, kuna mashine hapa, bei ya kutupa.” Wengine mmewahi kuuziwa mali yenu wenyewe, mnalipa na asante juu. Na wengine mmenunua mali ya mvuvi mwenzenu aliyelia kama mlivyolia ninyi, mkasema bahati. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haimwachi anayepokea mali ya wizi huku akijua, na hakimu atakuuliza tu: bei ile hukushtuka? Mwizi haibi mashine kwa sababu ana boti. Anaiba kwa sababu anajua yupo mtu mwenye boti asiyeuliza risiti. Siku pwani yote itakapoanza kuuliza, hana pa kuipeleka. Ukipigiwa simu hiyo, sema unakuja kuiona, kisha mpigie yule askari mwenye jalada lako. Usiende peke yako.

Nilipokuwa naandika haya nikakumbuka ujumbe wa mdogo wangu wa Mbagala, wa kike. Yeye hana boti. Aliibiwa mishipi ya marehemu baba yake, ilikuwa kwenye gari pamoja na begi la kompyuta. Mishipi imezungushiwa kwenye vipande vya mbao, ndoana zimo kwenye kopo la maziwa, na chubwi alizoyeyusha mzee mwenyewe kwa mkono wake. Dukani haifiki bei ya mlo wa mchana. Ameniandikia kwamba watu wanamwambia ashukuru, angeweza kuumizwa, na yeye anajiona mjinga kulilia kopo.

Lilia, mama. Hukulilia kopo. Lakini nikwambie kitu ambacho hao wanaokufariji hawajakwambia: mwizi aliitaka kompyuta. Kopo la ndoana limemchoma kidole, kalitupa, na mara nyingi wezi hawatembei mbali kabla ya kutupa. Rudi ulipoegesha. Tazama mtaroni, nyuma ya vibanda, kwenye jalala. Kisha watafute vijana wanaookota chupa na makopo mtaa ule, ongea nao kwa heshima, waambie ni vya baba yako na kuna chochote kwa atakayeviona. Wao ndio wanajua kila kilichotupwa Temeke kabla jua halijapanda. Nenda mapema, mvua isitangulie.

Nirudi kwa wa Tegeta, maana swali lake la mwisho ndilo lililonikosesha raha. Ananiuliza kama achukue mkopo wa haraka anunue mashine nyingine kimya kimya, nahodha asijue kilichotokea. Mdogo wangu, hapana. Mkopo wa haraka unaouzungumzia ni kausha damu, na jina wamelipa wenyewe waliokaushwa. Utalipa kila wiki, na kusi likivuma vibaya vyombo havitoki, deni haliangalii upepo. Kama kikundi chenu ni cha vijana na kimesajiliwa, ulizeni halmashauri ile mikopo ya asilimia 10, ambapo vijana wametengewa asilimia 4 kama wanawake, na watu wenye ulemavu 2. Inachelewa na ina makaratasi mengi, ila haikuchukulii kitanda.

Na nahodha umwambie. Atakasirika, ana haki. Huenda akakutukana, vumilia. Lakini yeye ana watu Mafia, ana watu Bagamoyo, anajua nani kaingiza mashine ngeni wiki hii, na kila siku unayomficha ni siku ile mashine inazidi kwenda mbali. Pia vijana wake wajue mapema watafute chombo kingine cha kupanda kwa sasa, wasikae wanakungoja wewe. Mpigie leo kabla ya magharibi, maana akishaingia majini na chombo cha jirani hutampata hewani hadi kesho.