Karavani yangu inavuja kila nikiiziba

*Ndugu Mshauri, naishi Ohio, Marekani. Nimenunua karavani kuukuu, Shasta ya mwaka 1962, naikarabati ili nisafiri na familia. Dirisha la mbele linavuja. Nimelipaka silikoni tena na tena, lakini mvua ikinyesha sakafu inalowa. Nikibandika mbao mpya za ndani, zitasalimika?*
*Msomaji, Columbus*

Ndugu yangu, mbao mpya zisubiri. Sasa ukuta uko wazi, unaona maji yanakopita. Ukishaufunga, utakuja kujua zimeshaoza.

Huenda hata dirisha unalolilaumu halina kosa. Karavani yako ni bati jembamba la alumini juu ya fremu ya mbao. Pale bati la ubavuni linapokutana na la paa pana mkanda wa alumini uliokazwa kwa skrubu, na chini yake puti. Puti ya umri huo imekauka, ikapasuka. Maji huingia huko juu, yakashuka ndani ya ukuta, yakatokea dirishani. Silikoni ya nje haiyafikii.

Basi fungua mikanda yote, pamoja na fremu za madirisha, taa na tundu la hewa la paa. Kwangua puti na silikoni mpaka bati ling'ae. Kazi hii inachosha, na hapa ndipo wengi hulipua. Silikoni ikibaki hata utando tu, si rangi wala gundi itakayoshika juu yake. Chomachoma mbao kwa bisibisi. Inapozama, kata uweke nyingine, na uache pakauke kabisa.

Kisha tandika utepe wa butili chini ya mkanda, urudishe kwa skrubu zisizoshika kutu. Kaza polepole mpaka butili ichomoze pande zote. Kesho yake kaza tena, ndipo ukate iliyozidi.

Sasa jaribu. Mtu akae ndani na tochi, wewe umwagilie kwa mpira wa maji ukianzia chini, upande kidogo kidogo hadi paani. Ukianzia juu, maji yatatiririka kote na hutajua yameingilia wapi. Mashine ya presha usiiguse, maana hupenyeza maji hata penye kiungo kizima.

Pakibaki pakavu, bandika mbao zako. Huko Ohio maji yaliyojificha kwenye ufa huganda na kuupanua, hivyo kila mwaka theluji ikiisha panda ngazi ukague mikanda ya paa.