Mtoto Akianguka Mwaka wa Kwanza

Wapendwa wanandoa, mtoto aliyefanya vizuri KCSE anarudi likizoni na kusema: "Baba, Mama, nimeanguka masomo matatu. Nataka kuhama chuo." Mara nyingi baba humgeukia mama: "Ni wewe uliyemdekeza." Mama naye: "Ni wewe uliyemchagulia kozi." Mtoto anabaki peke yake.

Tusome Luka 2:41-52. Yusufu na Maria walimtafuta Yesu pamoja, wakampata baada ya siku tatu. Maria aliuliza kwanza. Kisha walisikiliza jibu, ingawa hawakulielewa.

Nanyi fanyeni hivyo. Kwanza elewaneni wawili faraghani. Kisha mwulizeni: je, ni kozi iliyomshinda, ni upweke, au analala njaa? Kuhama chuo hakuponyi njaa. Amwone mhadhiri na mshauri wa wanafunzi, aulize habari za kurudia mitihani. Kama tatizo ni kozi, aliyepangiwa chuo na KUCCPS huomba uhamisho huko huko katika muda uliotangazwa, na alama zake za KCSE lazima zitoshe kozi mpya.

Swali la kujadili usiku huu: mtoto wetu akianguka, atatuambia sisi kwanza?