SOMO LA ROBO HII: KUTOKA NYUMBANI HADI CHOONI

Somo la toleo hili linahusu kumpokea mtoto mwenye ulemavu katika shule ya msingi ya kawaida, kama zilivyo shule zetu za Omurushaka na vijiji vinavyoizunguka, upande wa Karagwe na upande wa Kyerwa. Tunaomba lisomwe kwenye kikao, Biblia ikiwa imefunguliwa Marko 2:1-12 na futi kamba ikiwa mezani.

Habari ile mnaifahamu. Watu wanne wanamleta mgonjwa aliyepooza, wanakuta mlango umezibwa na watu, wanapanda darini. Wahubiri wengi hukazia imani yao, na ni sawa. Sisi tunaomba mtazame pia waliokuwa ndani. Hawakumkataza mtu yeyote kuingia. Walikaa tu mahali pao, wakasikiliza neno, na kwa kukaa kwao mlango ukawa hauna nafasi. Shule zetu nyingi ziko hivyo. Hakuna mwalimu mkuu anayesema mtoto mwenye ulemavu asije. Ada imeondolewa, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto huyu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Mlango uko wazi kwenye karatasi. Swali la kamati ni anafikaje mlangoni.

Tuanze nyumbani. Mtoto asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni na mama au bibi hadi anapofikisha miaka minane au tisa hivi. Baada ya hapo anakuwa mzito, na masomo yanaishia hapo, ingawa jina bado limo kwenye daftari la mahudhurio. Wengine hawajaandikishwa kabisa. Orodha ya shule haiwezi kuwaonyesha hao, kwa sababu shule inawajua waliofika tu. Wanaowajua ni jumuiya ndogondogo, zinazosali nyumba kwa nyumba na kujua nani yuko chumba cha nyuma. Kazi hii haihitaji mfadhili. Kila jumuiya iandike watoto wake, kwa heshima na kwa ridhaa ya wazazi, kabla ya uandikishaji wa darasa la kwanza.

Kisha njia. Huku kwetu ni vilima, na mvua za vuli na masika hugeuza udongo kuwa utelezi. Kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa sakafu ya hospitali hakipiti hapo. Njia ya upana wa mita 1.2, iliyomwagwa changarawe na kushindiliwa, yenye mfereji pembeni, inawezekana kwa nguvu za wananchi kwa siku chache za msaragambo. Ni kazi isiyopendeza kwenye picha, na labda ndiyo maana hatuioni kwenye maandiko mengi ya miradi.

Mlangoni pa darasa ndipo fedha hutumika zaidi, na hutumika vibaya. Kanuni inayofahamika ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ihitaji sentimita 12 za urefu. Kwa kuwa madarasa yetu yamejengwa kwenye miteremko, sakafu mara nyingi iko juu. Kibaraza cha sentimita 45 kinataka mteremko wa zege wa mita 5.4, cha sentimita 60 kinataka mita 7.2. Fundi akikwambia mita 2 zinatosha, mpe kiti cha magurudumu kilichopakiwa gunia la maharage la kilo 50 akisukume mwenyewe. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, bila kizingiti. Mteremko mfupi mno ni hatari kuliko ngazi, maana ngazi haimdanganyi mtu.

Lakini kama kamati ina fedha za kitu kimoja tu, tunashauri kianze choo. Mtoto asiyeweza kutumia choo cha shule anajifunza haraka: hanywi chai asubuhi, anakataa uji, anavumilia mpaka arudi nyumbani. Asipoweza kuvumilia anajichafua mbele ya wenzake, na kesho haji. Msichana mkubwa anayehitaji kujisitiri kila mwezi huacha shule kimyakimya, na hakuna anayeandika sababu. Darasa lenye ngazi linaweza kuvumilika kwa muda, wenzake wakimsaidia kupanda. Chooni hakuna wa kumsaidia kwa staha.

Kiwango cha serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, na shule nyingi hazijafikia, hivyo mwalimu mkuu atauliza, tena kwa haki, kwa nini tundu moja litengwe kwa wachache. Jibu letu ni kwamba chumba chenye nafasi ya kugeuza kiti, yaani mita 1.5 kwa 1.5, chenye mlango unaofungukia nje, kiti cha kukalia na bomba la kushikia ukutani, kinaweza kutumiwa pia na mtoto aliyevunjika mguu na mwalimu mjamzito. Kilichotengwa kabisa hugeuzwa stoo ya jembe na saruji, kufuli likawekwa, ufunguo ukawa kwa mtu aliyesafiri. Tumekuta hivyo zaidi ya mara moja.

Si kila ulemavu unadai zege. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kukaa mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi machoni, kofia pana, mikono mirefu hata kama sare ni mikono mifupi, na mafuta ya kuzuia jua kama Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa KCMC, Moshi. Mwenye uoni hafifu anahitaji ubao mweusi kwelikweli, uliopakwa rangi upya, na mwalimu anayesoma kwa sauti anachoandika. Hayo ni mambo ya wiki moja.

Kwa mtoto kiziwi tunasema wazi kwamba kumkalisha peke yake kati ya watoto 90, bila mtu anayejua lugha ya alama, si elimu jumuishi. Hapo shule kama za Mugeza, Bukoba, bado zina kazi yake, ingawa ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Omurushaka na mzazi anamwona mtoto wake likizo tu. Kamati inayotaka abaki nyumbani itafute kwanza mwalimu. Afadhali wawili, kwa sababu mmoja akisomea elimu maalumu Patandi kisha akahamishwa, shule inaanza upya.

Kwa wafadhili tunaongeza neno. Elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zilibaki kwa ajili ya vitabu. Hapo huwezi kupata tairi la kiti, bawaba ya mlango wa choo wala nauli ya mwalimu kwenda semina. Mkituletea jengo, tunashukuru. Tunaomba bajeti iwe na fungu la matengenezo la angalau miaka mitatu, hata kama jengo litapungua ukubwa.

Kabla ya kikao kijacho, wajumbe watatu waende shuleni na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, na mtoto mwenyewe akipenda. Waanzie nyumbani kwake wakati wa kwenda shule, si baada ya ibada jua likiwa limekausha njia. Wapime kibaraza, mlango na choo, waandike kwa sentimita, na waulize ufunguo wa choo anao nani.